Mstari Mmoja wa Posta

Juma lililopita nilikwenda kwenye matanga ya Mama Neema, mtaa wa Kilibula. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitakaa kidogo, nitasalimia, kisha nitaondoka kabla watu hawajaanza kutoa maneno ya kumkumbuka marehemu. Uvira mtu haondoki matangani kirahisi hivyo. Nilipewa kiti cha plastiki katikati ya safu, ukuta nyuma yangu, wazee kushoto na kulia, sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo magotini, nikawa siwezi kuinuka bila kuwainua watu sita. Ndipo alipokuja Neema mwenyewe, binti wa marehemu, mtoto wake mgongoni. Aliinama mbele yangu kwa heshima, akaniwekea daftari lililofungwa kwa mrija wa serumu, ule mwembamba wa kupitisha dawa mshipani. "Papa Dezire," alisema, "Mama aliniambia hii nikupatie weye mwenyewe, mu mikono." Nililijua kabla ya kuligusa. Jalada lilikuwa la buluu, kona moja imeungua kwa pasi. Mara ya mwisho nililiona chini ya kwapa la mama yake, siku alipofukuzwa kazi kwa kosa langu.

Sikulifungua pale. Nililiweka chini ya sahani, nikaendelea kula bila kuonja kitu, huku mzee wa kushoto akinieleza bei ya mikeke, wale samaki wa ziwa letu. Nitaueleza kwanza mwaka wenyewe, maana kwa asiyeujua mwaka ule daftari hilo ni karatasi tu.

Chumba tulichofanyia kazi katika ofisi ya afya kilikuwa kati ya depo ya dawa na jiko. Kilikuwa na hatua tano kwa nne, dirisha moja lenye nondo, na kati ya nondo hizo ulionekana ukanda wa ziwa usiozidi upana wa kiganja. Ukuta wa upande wa jiko ulikuwa wa mbao. Harufu ya ndagala wa kukaanga ilipita humo, na kila neno lililosemwa vilevile. Mji wetu wenyewe umebanwa, milima mgongoni na ziwa usoni, njia mbili tu za kutokea, na mwaka ule njia zote mbili zilifungwa na kufunguliwa na watu wenye silaha kwa sababu ambazo hatukuambiwa. Mezani palikuwa na mashine yenye sanduku la rangi ya majivu, imeunganishwa kwa waya na redio, na chini ya meza batri mbili za lori za kuilisha umeme ukikatika. Posti nne za afya za pwani ya kusini zilituandikia kupitia mashine hiyo, kila asubuhi na kila jioni: wagonjwa wa kolera ni wangapi, serumu imebaki kiasi gani, mashua ije lini. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika huko. Redio za sauti zilikatazwa, kwa kuwa wenye silaha waliitana humo. Maandishi yaliachwa, kwa sharti kwamba nakala ipelekwe ofisini kwao kila Ijumaa. Hivyo watu wa pwani nzima walitegemea waya mmoja, na waya huo uliishia mezani kwetu, kwangu na kwa Leokadia, ambaye mwaka ule ule, baada ya kujifungua, alianza kuitwa Mama Neema.

Aliyeiweka mashine alikuwa fundi wa Bujumbura, Evariste, mtu mrefu aliyevua viatu mlangoni kila alipoingia, akisema vumbi ndilo adui. Mfumo aliouweka ulikuwa wa jamii ya Unix, hauna picha za kubofya, ni maandishi meupe tu juu ya weusi. Alitufundisha sote wawili kupokea barua na kutuma. Lakini siku aliyofundisha jinsi mashine inavyoamka nilikuwa peke yangu, kwa kuwa Leokadia alikuwa amejifungua siku tatu kabla.

"Bwana Dezire," aliniuliza, "pale mpakani Kavimvira, afisa anakujua?"

Nikasema ananijua sana, tumesoma pamoja.

"Asubuhi ukipita, anaangalia sura yako ao karatasi?"

"Karatasi."

"Na mashine ni hivyo. Ikizimika inasahau kila sura. Ikiwaka, inasoma karatasi."

Akanionyesha. Umeme ukirudi, mashine hujipima kwanza, kisha huita hati ya kuanzishia. Hati hiyo hupita kwenye kabati lenye hati ndogondogo, kila kazi na hati yake: ya saa, ya redio, ya posta. Huzipanga nani atangulie, kwa sababu posta haiwezi kuamka kabla ya redio. Kisha kila hati ndogo hufungua faili moja na kutafuta jina lake. Ikikuta YES, inaanzisha kazi yake. Ikikuta NO, au isipokuta kitu, inanyamaza, na mashine inaendelea kuamka kana kwamba hakuna kilichopungua. Mstari wa posta aliuandika mbele ya macho yangu: posta_enable="YES". Ni ndiyo na hapana ya Kiingereza, alisema, hakuna uchawi. Akaongeza kwamba liko neno la kuianzisha kwa nguvu kazi isiyo na YES, nalo ni onestart, yaani anza mara hii moja tu. "Hilo ni la majaribio, usilizoee. Kitu ulichokianzisha kwa mkono, kesho mashine haikijui." Akachomoa waya ukutani, akaondoa na ule wa batri, akazirudisha. Tukangoja. Posta ikaamka yenyewe, na barua ya posti ya kwanza ikaingia kabla hatujagusa kitu. Evariste akacheka kama mtu aliyeona mtoto wake akitembea.

Mchana ule alikula jikoni na daktari mkuu wetu. Mimi nilikuwa chumbani na sahani yangu, mgongo kwenye mbao. Nilimsikia daktari akiuliza kama basi hata mlinzi wa geti anaweza kuiwasha. Hata yeye, Evariste akajibu, ni kubonyeza tu. Vijiko vikagonga sahani kwa muda. Kisha daktari akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga viti, "Sasa watu wawili mule ndani ni wa nini? Nitabaki na mmoja. Yule mama akirudi, yeye anaandika mbio kuliko Dezire." Ilikuwa kweli. Leokadia aliandika bila kuangalia vidole, na barua zake hazikuwa na kosa. Mimi nilikuwa na diploma ya sekondari, umri wa miaka thelathini na saba, na ofisi nyingine zote za mji zilikuwa zimefunga milango.

Siku mbili baadaye Evariste alivuka mpaka kurudi kwao. Nikafunga mlango, nikafungua lile faili, nikafuta herufi tatu na kuandika mbili. Nilijiambia kwamba simdhuru mtu yeyote, kwa sababu posta ilikuwa inafanya kazi wakati ule ule nilipokuwa naandika NO. Na ndivyo ulivyo mfumo ule: neno ulilobadilisha leo halisemi kitu leo. Linangoja mashine ilale.

Juma lilelile umeme ulikatika siku mbili, batri zikaisha, na uliporudi mashine iliamka bila posta. Daktari alisimama mlangoni, uso umemwiva. Nikakaa, nikaukinga ubao wa herufi kwa mgongo, nikaandika amri yenye lile neno la mara moja, na barua zikaanza kuingia. Mpishi wetu akatangaza jikoni kwamba Dezire ni muganga wa mashini. Daktari akasema kumbe kazi hii inahitaji mtu kweli, na habari ya kubaki na mmoja sikuisikia tena. Hayo niliyapata kwa herufi mbili.

Leokadia aliporudi, mtoto mgongoni, aliomba nimfundishe. Alikuwa mtu wa kutania hata akiwa amechoka. "Siku weye utashikwa na kolera," alisema, "nani ataamusha mashini? Minye niiimbie wimbo?" Nikamwambia ni mambo marefu, yenye Kiingereza ndani, tutaangalia siku nyingine. Alinitazama kidogo, akafungua daftari la buluu, akaandika juu ya ukurasa mtupu: Kuamsha. Ukurasa ule ulibaki mtupu miezi mitano, na kila alipolifungua daftari niliuona.

Kwa kuwa umeme ulikatika bila ratiba, nami sikuweza kwenda mbali. Nililala kwenye mkeka pembeni ya batri, nikivuta ile hewa yake inayokwaruza koo. Rafiki yangu alioa Kavimvira, mwendo mfupi tu, nikatuma salamu. Jino liliniuma majuma mawili, nikalikandamiza kwa chumvi kwa sababu foleni ya mganga wa meno ilikuwa ndefu. Watu waliona mfanyakazi mwenye bidii. Mimi nilijua kwamba nimejifungia ndani, ufunguo ninao mkononi, na siwezi kuutumia bila watu kuuona. Ningeweza kuandika YES siku yoyote. Lakini siku posta ingeamka yenyewe, wangeuliza kwa nini haikuamka zile siku nyingine. Kila umeme ulipokatika na nikaianzisha kwa mkono, swali hilo liliongezeka uzito. Kwa hiyo niliendelea, nikitazama ukanda wangu wa ziwa kati ya nondo.

Mwisho wa kiangazi mjomba aliyenisomesha alifariki Mutarule, kule kwenye bonde la Ruzizi. Mazishi ya mjomba hayaombewi udhuru. Nilihakikisha batri zimejaa, nikamwambia Leokadia nitarudi kesho, nikapanda lori la chumvi. Tulizika saa nane mchana. Kabla watu hawajanawa mikono, habari ikafika kwamba kizuizi kimewekwa barabarani na hakuna atakayepita kwenda Uvira, wala gari wala miguu.

Nilikaa Mutarule siku nane, katika chumba chenye magunia ya mpunga hadi darini. Wenyeji walinitunza vizuri, maharage na ndizi asubuhi, maharage na ndizi jioni, na maziwa kila walipoyapata. Walizungumza Kirundi taratibu ili nisikie, juu ya maji ya mifereji na ng'ombe wa jirani aliyekula miche. Mimi nilihesabu saa za batri. Siku ya tatu alifika Mama Riziki, mchuuzi wa Kavimvira niliyemfahamu, kikapu kichwani. Alikuwa amevuka mto upande wa Burundi na kurudi huku, njia ya wanawake wa biashara. Nikamuuliza kama mjini kuna umeme.

"Kuran gani?" alisema. "Tangu juzi hakuna."

Batri zilidumu siku mbili. Nilielewa kwamba mashine imezimika, au itazimika kabla ya jua kuzama, na kwamba ikiwaka tena haitawasikia watu wa kusini. Nikamwambia nitaondoka naye. Akakataa. Wanaume walikuwa wanakamatwa kule kivukoni, na wiki ile wawili walikuwa hawajarudi. "Kama uko na neno, andika," alisema. "Banamuke tunapita. Kesho mangaribi niko Kilibula."

Niliomba karatasi kwa watoto wa shule. Niliandika: Leokadia, fungua faili la kuanzishia, mstari wa posta, ondoa NO, weka YES. Niliisoma. Maneno kumi na mawili, na lile la kumi lilikuwa limenishitaki. Angeuliza nani aliweka NO. Nikageuza karatasi nikaandika amri ya mara moja tu, ile yenye onestart. Hiyo nayo ilikuwa fupi mno, maana kwa miezi mitano nilikuwa nimewaambia kwamba ni mambo marefu. Nikaikunja nikaitia mfuko wa shati. Kwenye karatasi ya pili nikaandika: Usiguse mashine. Nitakuja mwenyewe. Mama Riziki hakujua kusoma, lakini alikuwa amebeba barua nyingi maishani, alizipima kwa mkono.

"Umeandika yote?" aliuliza.

"Yote."

"Ni kafupi, Dezire."

Nikasema inatosha. Akaifunga kwenye pindo la kikwembe alichojifunga, akaondoka. Nilikuwa na dakika kama kumi za kumkimbilia, kwa sababu alisimama kwenye mfereji kunawa miguu. Nilimwona akinawa mguu mmoja, kisha wa pili. Karatasi ya kwanza nilikuwa nayo kifuani. Leo ningeambiwa nichague dakika kumi za kurudishiwa, nisingetaka za harusi yangu wala za kuzaliwa kwa watoto wangu.

Kizuizi kilifunguliwa siku ya nane. Nilifika ofisini mchana, vumbi la bonde kwenye nyusi. Umeme ulikuwa umerudi siku tano zilizopita. Leokadia alikuwa mezani, miguu imevimba kwa kukaa, na Neema alikuwa amelazwa sakafuni ndani ya katoni ya serumu iliyotandikwa kitambaa. Hakunisalimia.

"Mashini inawaka lakini haisikie batu," alisema. "Minye nimeandika start, inakatala, inanijibu na Kingereza. Nimekopia maneno yote, ona." Akasukuma daftari. Ule ukurasa haukuwa mtupu tena.

Sikulitazama. Nilijua mashine imesema nini. Kazi isiyo na YES ukiiamuru ianze, inakataa na kukueleza kwa adabu sababu yake na dawa yake: weka YES kwenye faili fulani, au tumia onestart. Mashine ilikuwa imemwambia siri yangu yote, siku ya kwanza, mbele ya macho yake, katika lugha ambayo hakuna mwingine aliyeijua katika jengo lile. "Niliandika usiguse," nikasema.

"Karatasi nilipata. Lakini posti ya tatu ilikuwa na bagonjwa, Dezire. Siku tano."

Nikakaa, nikamgeuzia mgongo kama kawaida, nikaandika neno langu. Redio ikakoroma, na barua zikaingia moja nyuma ya nyingine kwa utaratibu zilivyoandikwa. Nyingi zilikuwa za kawaida. Za posti ya tatu zilikuwa tano, zote za Byamungu, mganga wa pale, mtu aliyependa kutuma salamu ndefu. Ya kwanza ilisema wagonjwa tisa, serumu ya siku mbili, tumeni mashua. Ya pili, wagonjwa kumi na wanne, mashua iko wapi. Ya tatu, serumu imekwisha, tunawapa maji ya chumvi na sukari, wanaotapika hawayawezi. Ya nne, tumezika wanne, mmoja alikuwa mama mwenye mimba. Ya tano haikuwa na salamu wala jina: Uvira, muko?

Leokadia alisoma kila mstari kwa kidole. Neema alilia ndani ya katoni na hakuna aliyemwinua. Nyuma ya ukuta wa pili, hatua kumi kutoka pale tulipokaa, katoni za serumu zilipangwa kutoka sakafuni mpaka darini. Mashua iliondoka kabla ya saa moja kupita.

Kesho yake daktari alituita. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliuliza nani aligusa mashine nilipokuwa sipo. Leokadia akasema ni yeye, alijaribu kila alichokijua. Daktari akanigeukia akauliza kama nilikuwa nimeacha maagizo. Nikasema, "Niliandika asiguse." Karatasi ilikuwepo, mwandiko wangu, imekunjwa mara nne. Ilipita mikono ya watu watatu mezani. Kila neno nililosema siku ile lilikuwa la kweli. Sikuulizwa jambo ambalo ningehitaji kulidanganyia, na sikusema ambalo sikuulizwa. Wakaamua kwamba alivuruga posta kwa kutotii, na kwamba aache kazi mwisho wa juma.

Aliniangalia mimi, si daktari. "Minye niliandika yote mashini iliniambia," alisema. "Mwenye kujua Kingereza asome." Akainua daftari kidogo kutoka magotini. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akalirudisha kwapani, akamchukua mtoto, akatoka.

Jumatatu alirudi kukabidhi ufunguo. Nilimsikia getini akimsalimia mlinzi, nikaingia depo na kusimama nyuma ya katoni, nafasi ya mtu mmoja kati ya katoni za serumu na ukuta. Kulikuwa na joto la bati na harufu ya karatasi yenye unyevu. Nilimsikia akiingia chumba cha mashine. Nilidhani ataweka ufunguo mezani na kwenda, lakini alikawia. Nilisikia vidole vyake kwenye herufi, vya mbio kama siku zote, kisha kimya, kisha ule mlio mfupi wa mashine inapoamka. Nikasema moyoni umeme umeyumba. Baadaye nyayo zake zikaja mpaka mlango wa depo.

"Dezire? Uko?"

Jasho liliniingia machoni. Ningeweza kumgusa kwa kunyoosha mkono kupita katoni mbili. Alingoja kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu, polepole. Kisha akaondoka.

Kiasi cha mwezi baadaye umeme ulikatika siku tatu. Uliporudi nilikuwa kisimani, nikakimbia na ndoo tupu mkononi, nikaingia chumbani kuandika neno langu. Posta ilikuwa macho. Barua mbili za posti ya nne zilikuwa zimeshaingia. Nikafungua faili. Mstari ulisomeka YES. Mtu mwenye akili timamu angefurahi kwa ajili ya watu wa pwani. Mimi nilifunga mlango, nikakaa sakafuni, kwa sababu yuko mtu aliyejua. Niliamini ni Evariste, maana mwezi ule alikuwa amepita siku moja kurekebisha antena. Miaka yote iliyofuata nilimkwepa. Alipokuja Uvira nilijifanya mgonjwa, na nilipomwona siku moja mpakani kati ya wavunja pesa, akinipungia mkono kwa furaha, niligeuka nikarudi nilikotoka. Daktari naye aligundua kwamba mashine inaamka bila mtu. Mwaka ulipoisha nilipewa mkono wa kwaheri na barua ya shukrani, na mlinzi wa geti akaongezewa kazi ya kubonyeza.

Leokadia aliuza mikate sokoni, kisha akafundisha kuandika kwa mashine kwenye kituo cha parokia. Tulionana mara nyingi, mji huu hauna pa kupotelea. Tulisalimiana. Mara moja tu, tukiwa tumekwama pamoja darajani kwa ajili ya maji ya mvua, nilifungua mdomo nimwambie. Yeye akatangulia akauliza habari za jino langu.

Sasa daftari. Watu walipoanza kunyanyuka kwenda kunawa, niliufungua ule mrija. Ukurasa wenye neno Kuamsha ulikuwa bado upo. Chini yake kuna jibu la mashine, Kiingereza kilichonakiliwa herufi kwa herufi na mtu asiyekijua, hata nukta hazikukosewa. Chini ya hapo, kwa wino mwekundu na mwandiko wa mtu mwingine, mwalimu labda, tafsiri ya Kifaransa. Kisha mwandiko wake tena, Kiswahili chetu:

Jumatatu. Nimefungua faili. Nimekuta NO. Nimeweka YES. Nimezima, nimewasha, posta imeamka yenyewe. Batu ba posti ya tatu basikose tena. Nilitaka kusema na Dezire. Sikumukuta.

Nililisoma mara tatu. Neema alikuwa amesimama karibu, akimtikisa mtoto wake alale. Nikamuuliza mama yake alimweleza nini kuhusu daftari hili.

"Hakunisimulia," alisema. "Alisema tu weye utajua kusoma."

Nikamwambia. Sikumwambia yote kwa mpangilio kama nilivyoandika hapa. Nilianza na katoni, kwa sababu yeye mwenyewe alilala ndani ya moja, kisha NO, kisha karatasi mbili za Mutarule, kisha watu wanne, kisha mahali nilipokuwa nimesimama mama yake alipoita. Yule mzee wa bei ya mikeke aliweka sahani yake chini. Neema hakulia wala hakunitukana. Alimhamisha mtoto bega hadi bega, akaniuliza kama pale nyuma ya katoni nilimsikia mama yake vizuri.

"Vizuri kabisa."

Akachukua kalamu kwa kijana aliyekuwa akiandika majina ya waliokuja kuzika, akaniletea. "Basi andika, Papa Dezire," alisema. "Pale chini, penye Mama aliachia."

Kulikuwa na nafasi ya mstari mmoja tu kabla ya ukurasa kuisha. Niliandika jina langu, na baada yake: nilikuwepo.